Chicago hadi Harlem kwa basi: nikiwafuata wapiga jazi waliomiliki vyombo vyao

Haya nimeyaandika nikiwa nyumbani Dar, nikiyaunga kutoka kwenye daftari, risiti zilizofifia na picha za simu. Napiga saksafoni kwenye bendi ya hoteli, Ijumaa na Jumamosi, nyimbo za kopi ambazo meneja ndiye anayezichagua. Wanamuziki wenzangu wanaijua kanuni yetu: mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Hata NUTA Jazz ya 1964, pamoja na utamu wake wote, vyombo vilikuwa vya chama cha wafanyakazi na wapigaji walikuwa waajiriwa.

Mwaka uliofuata, 1965, kundi la wapiga jazi Weusi wa Chicago walikaa sebuleni kwa mmoja wao wakaunda chama chao. Wakakubaliana kwamba kwenye matamasha yao zitapigwa tungo zao wenyewe, na kiingilio watakusanya wao. Nilipolisoma hilo nilitaka kuona hizo sebule. Muziki wao wengi hawauwezi, nakiri. Ni ile jazi huru iliyokataa kufungwa na mpigo mmoja wala korodi (sauti zinazopigwa pamoja) zilizopangwa, na kuna albamu zake ambazo hata mimi huzizima katikati. Lakini wazo la mpigaji kusimama mlangoni pake mwenyewe halikunitoka.

Jumatano, 27 Agosti 2025: Kutua

Dar, Doha, Chicago. Usingizi wa vipandevipande, chakula cha ndege, hakuna la kusimulia.

Treni ya kutoka uwanja wa O'Hare hadi mjini ilikuwa dola 5 mwaka huo wa 2025, ingawa ukipanda kituo kingine chochote ulikuwa ukilipa nusu yake. Teksi ungelipa mara kumi. Kwa siku zilizofuata nilinunua pasi ya siku tatu ya dola 15, treni na basi bila kuhesabu, na ilijilipa mapema kwa sababu Chicago ni ndefu kuliko unavyodhani ukiiangalia kwenye ramani.

Binamu yangu anaishi Rogers Park, kaskazini kabisa. Shemeji alikuwa amesonga ugali wa unga alioupata kwenye maduka ya Devon Avenue, pamoja na samaki na mchicha. Nikawaeleza mpango wangu. Binamu akaniomba nimchezee huo muziki. Nikamwekea *Sound* ya Roscoe Mitchell, ya mwaka 1966. Alivumilia dakika mbili.

"Umepanda ndege mbili kwa ajili ya watu wanaogombana jikoni?"

Shemeji akamwambia anyamaze, mgeni ale kwanza.

Ijumaa, 29 Agosti: Masanduku ya Sun Ra

Alhamisi nililala. Ijumaa nikashuka na treni nyekundu hadi Garfield, nikapanda basi namba 55 kuelekea mashariki. Basi hilo linakatiza Washington Park, na hapo nilibandika uso kiooni, maana miaka ya 1950 mpiga piano mmoja alikuwa akigawa vikaratasi hapo kwa wapita njia: mahubiri yaliyopigwa chapa kwa herufi kubwa, Biblia na Misri na maneno yaliyopinduliwapinduliwa. Alizaliwa Herman Poole Blount huko Birmingham, Alabama, mwaka 1914. Wakati huo alikuwa ameshalikataa jina hilo. Aliitwa Sun Ra, na alisema kwao ni sayari ya Zohali.

Karatasi zake ziko Chuo Kikuu cha Chicago, maktaba ya Regenstein, kwenye chumba cha makusanyo maalumu. Mkusanyiko una jina la Alton Abraham, rafiki na meneja wake, ambaye walianzisha naye lebo ya El Saturn katika miaka hiyohiyo ya 1950. Abraham alifariki 1999, na vitu vya nyumba yake vilikaribia kuishia jalalani. Mwandishi na mkusanyaji John Corbett ndiye aliyepata habari na kuviwahi.

Wasafiri wa baadaye: jisajilini mtandaoni na muombe masanduku siku kadhaa kabla. Hakuna malipo, na hawakuulizi shahada. Mkoba unaachwa kwenye kabati, kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli tu. Chumba hakifunguliwi wikendi, na Jumatatu ya kwanza ya Septemba ni sikukuu ya wafanyakazi, kwa hiyo kama mimi mmefika mwishoni mwa Agosti mna Ijumaa tu.

Niliyoyapenda zaidi si mahubiri. Ni karatasi za biashara. Barua, hesabu, michoro ya majalada. Bendi ile ilikuwa ikichapa sahani chache, ikizitengenezea majalada kwa mkono, ikiziuza yenyewe jukwaani baada ya tamasha. Watu husimulia Sun Ra kama kichaa wa mavazi ya kung'aa. Mbele yangu palikuwa na watu waliokuwa wakijua bei ya karatasi. Nimekaa kwenye bendi ambazo kiongozi hajui hata siku ya malipo, kwa hiyo hilo lilinigusa kuliko sayari yoyote.

Dada wa zamu aliponiona nimekodolea ukurasa mmoja muda mrefu, akaja taratibu akaniuliza kama naweza kuusoma mwandiko. Nilipomwambia nimetoka Tanzania, bila kuulizwa tena akaniandikia kwenye kikaratasi namba za masanduku mengine mawili yenye mabango ya matamasha. Hayo yalifika kabla ya kufunga.

Jumamosi, 30 Agosti: Evans Avenue, kuku, na uwanja wa bure

Binamu hakuwa kazini, akajitolea gari. Tulikwenda upande wa kusini, karibu na barabara ya 75, kwenye nyumba za matofali za Evans Avenue, hatua chache kutoka Cottage Grove. Tarehe 8 Mei 1965, nyumbani kwa mpiga tarumbeta Phil Cohran kwenye mtaa huu, walikutana yeye, mpiga piano Muhal Richard Abrams, Jodie Christian, mpiga drams Steve McCall na wenzao. Kilichozaliwa kinaitwa AACM, chama cha kuwaendeleza wanamuziki wabunifu, na mwaka 2025 kilitimiza miaka 60. Agosti ya 1965 tayari walikuwa na tamasha lao la kwanza. Miaka miwili baadaye wakafungua shule ya kufundisha watoto bure.

Ni nyumba za watu, msizipige picha milango. Sisi tulipita polepole tu. Mzee mmoja aliyekuwa akimwagilia maua akatuuliza kwa ukali kidogo tunatafuta nini. Binamu akamweleza. Mzee akazima maji, akaegemea uzio.

"Cohran? Huyo alikuwa akitufundisha kula mboga."

Akacheka peke yake. Akasimulia kwamba alipokuwa kijana alikuwa akienda Affro-Arts Theater, ukumbi ambao Cohran na watu wake waliufungua 1967, na kule ulikuwa ukipata muziki, mafunzo ya historia na mhadhara wa lishe kwa kiingilio kimoja. Wana wanane wa Cohran waliunda bendi yao ya matarumbeta, Hypnotic Brass Ensemble. Walianzia kupiga mitaani na baadaye wamesikika hata kwenye albamu ya Gorillaz. Mzee aliwaona wakiwa wadogo. "Baba yao alikuwa akiwaamsha alfajiri kufanya mazoezi. Majirani tulinuna." Akatuelekeza Harold's (kuku wa kukaanga) ya karibu, si ile tuliyokuwa tumeipanga, kwa sababu, alisema, ile nyingine wanakausha kuku.

Kuku nusu, chipsi na vipande viwili vya mkate mweupe, vyote vimemwagiwa mchuzi mwekundu mtamu wenye ukali kwa mbali. Tulikula garini na vidole vikatunata hadi jioni. Binamu ameishi Chicago miaka mingi na hakuwahi kula kuku wa upande ule wa jiji.

Usiku, tamasha la jazi la jiji, Millennium Park. Ni bure kabisa, kila mwaka wikendi hiyo ya sikukuu ya wafanyakazi. Watu wanakuja na mikeka, vikapu na watoto. Fikeni mapema kama mnataka viti, la sivyo majani ni mazuri tu, ila mchukue kitu cha kujifunika maana upepo wa ziwa haujui Agosti. Ninachokikumbuka ni kuona jukwaa kubwa la serikali ya jiji likipigwa muziki ambao miaka ya 1960 wenye klabu walikuwa wakiukataa. Mama aliyekaa jirani yetu alikuwa akifuma sweta wakati saksafoni mbili zikipigana mieleka. Hakukosa hata kishono.

Jumapili, 31 Agosti: Bustani ya mbwa na kalimba ya umeme

Fred Anderson alikuwa mpiga saksafoni ya tena, na zaidi ya hapo alikuwa mwenye baa. Velvet Lounge, upande wa kusini wa katikati ya jiji, ilikuwa yake. Kwa miaka mingi alipanga viti, akauza bia, akakusanya kiingilio, kisha akapanda jukwaani na vijana ambao hakuna klabu nyingine iliyowataka. Alifariki Juni 2010 na ukumbi haukudumu baada yake. Jiji limempa bustani ndogo huko Wabash Avenue, na humo kuna uwanja wa mbwa. Nilikaa kwenye benchi nikiwatazama mbwa wanene wakikimbizana chini ya jina la mtu aliyewalea wapigaji wa kizazi kizima. Sikujua nicheke au ninune. Mwenye mbwa mmoja nilipomuuliza Anderson ni nani, alisema labda alikuwa diwani.

Jioni nilikwenda Constellation, Western Avenue, ukumbi ambao mpiga drams Mike Reed aliufungua 2013. Dola 20 mlangoni. Chumba cheusi, viti vya kukunja, watu wachache kuliko mia, kimya kama msikitini. Watatu jukwaani: besi, drams, na kaka mmoja mwenye meza iliyojaa kengele, filimbi, honi ya baiskeli, njuga, na kalimba iliyochomekwa kwenye amplifaya.

Hizo takataka mezani zina ukoo. Art Ensemble of Chicago, kundi lililotoka ndani ya AACM (Roscoe Mitchell, Joseph Jarman, Lester Bowie, Malachi Favors, na baadaye Famoudou Don Moye), walikwenda Paris 1969 na shehena ya vyombo vidogo vya namna hiyo, baadhi yao nyuso zimepakwa rangi, wakiuita muziki wao wa Weusi, wa kale hadi wa wakati ujao. Walikuwa wakiruhusu ukimya uingie kati ya sauti. Ndicho nilichokisikia Jumapili ile. Kengele moja, kisha hakuna kitu kwa muda mrefu hadi unaanza kusikia friji la baa. Kisha besi inaingia chini, kwa upinde, na hujui wimbo umeanza lini.

Kalimba ndiyo iliyonipeleka jukwaani baada ya onyesho. Mjomba wangu Dodoma anapiga ilimba, ile ile aliyotembea nayo dunia marehemu Hukwe Zawose, na nimekulia na mlio wake wenye mnong'ono wa utando wa buibui. Kumbe yule kaka alikuwa akiitafuta minong'ono hiyo kwa umeme. Akaniambia kalimba ya umeme Chicago inaanzia kwa Cohran, na kwamba kijana mmoja mpiga drams, Maurice White, aliipenda kwa Cohran kabla ya kwenda kuanzisha Earth, Wind & Fire. Fikiria hilo. Kitu ambacho baba zetu walikicheza kwenye disko za Dar miaka ya 70 bila kujua kimepitia sebule ya wale wakorofi wa Evans Avenue.

Nikamwelezea utando wa buibui unaobandikwa kwenye tundu. Hakuamini. Nikampigia mjomba kwa simu, kule ni alfajiri, akaipokea kwa kukoroma, lakini alipoelewa akaenda kuichukua ilimba. Wakasikilizana. Yule kaka akaninunulia bia na akakataa katakata nilipe ya pili.

Jumanne, 2 Septemba: Basi, na usiku wa Cleveland

Jumatatu kila kitu kimefungwa, nyama choma kwa jirani, hayo tu.

Nilichagua basi hadi Philadelphia kwa sababu ya bei: dola 79, wakati ndege ilikuwa zaidi ya mara mbili ukiongeza sanduku. Saa tatu asubuhi tukaondoka. Indiana na Ohio ni mahindi. Jioni tukaingia Cleveland na dereva akatangaza injini ina shida, basi lingine lingekuja saa tisa usiku. Abiria walilalamika kidogo, kisha kila mtu akatafuta soketi ya kuchajia simu.

Ushauri: mkipanda mabasi ya masafa marefu Marekani bebeni chakula na sweta. Mashine ya biskuti kituoni ilikuwa imekufa, na baridi ya viyoyozi ni ya friji la samaki.

Kwa ajali tu, nilikuwa nimekwama kwenye mji wa Albert Ayler. Alizaliwa hapa 1936. Baba yake naye alikuwa mpiga saksafoni, na mtoto alianza kwa kupiga naye kanisani. Baadaye jeshi, Skandinavia, New York. Julai 1964 akarekodi *Spiritual Unity*, yeye, besi na drams, nusu saa hivi ya muziki unaolia kama watu walioshukiwa na Roho, wimbo wa kitoto kabisa mwanzoni kisha mlipuko. Novemba 1970 mwili wake ulipatikana kwenye mto East River. Alikuwa na miaka 34. Nikavaa spika za masikioni nikaicheza yote. Usiku wa kituo cha basi unaifaa albamu hiyo kuliko sebule yoyote.

Nilikuwa nikiimba kwa sauti ndogo, bila kujua, kibwagizo cha Kiswahili juu ya ule wimbo wake wa mwanzo, pale mama aliyekuwa akipiga deki aliposimama.

"Yaya, uko natoka wapi?"

Kutoka Bukavu, yeye. Alipita kambini Burundi miaka mingi kabla ya kuletwa Ohio. Nikamwambia Dar. Akaiegemeza fagio ukutani kana kwamba zamu imekwisha.

"Basi za huku zinachelewaka sana. Umekula?"

Sikuwa nimekula. Akaniletea kutoka kwenye mkoba wake bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, kwenye kopo, chakula chake cha usiku. Nilikataa mara mbili kama adabu inavyotaka; mara ya tatu alikasirika. Akaniuliza nilichokuwa nikisikiliza, nikampa kipande kimoja cha spika. Alisikiliza akiwa amefumba macho, muda mrefu kuliko binamu yangu.

"Huyu analia Mungu," akasema. "Kwetu kanisani tunaliaka hivi."

Basi lilikuja saa kumi.

Alhamisi, 4 Septemba: Morton Street, Germantown

Jumatano ilikwenda kwa usingizi kwenye hosteli, kitanda cha chumba cha watu sita, dola 45.

Philadelphia ndiko Sun Ra alikohamishia bendi yake 1968, baada ya miaka ya New York. Nyumba ilikuwa ya baba yake Marshall Allen, mpiga saksafoni wa alto aliyekuwa na bendi tangu Chicago. Ni nyumba ya kuungana na za jirani, Morton Street, mtaa mwembamba wa Germantown. Humo waliishi pamoja, wakala pamoja, wakafanya mazoezi usiku na mchana, na mmoja wao, Danny Ray Thompson, akafungua duka la vyakula mtaani, Pharaoh's Den. Nadhani nililipenda duka hilo kabla ya kujua kama lilikuwa na faida.

Sun Ra alifariki 1993. Bendi haikufa. Marshall Allen ndiye aliyekuja kuiongoza. Mei 2025 alitimiza miaka 101, na Februari mwaka huo alitoa albamu yake ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Nyumba iliwekwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria ya jiji mwaka 2022.

Nilitoka katikati ya mji kwa treni hadi kituo cha Germantown kisha kwa miguu. Ni mtaa wa kawaida kabisa, mabenchi ya varanda, mti mmoja mkubwa, gari lisilo na tairi. Sikubisha hodi, watu wanaishi humo na mgeni asiye na miadi ni kero. Lakini kijana aliyekuwa akitengeneza baiskeli nyumba ya jirani aliniona, akaniambia nikae kwenye ngazi zake kama nataka kusubiri. "Saa nyingine wanapiga, unasikia kila kitu." Nikasubiri kama saa moja. Hawakupiga. Tulizungumza habari za baiskeli. Akaniambia utotoni alidhani kila mtaa una nyumba yenye bendi.

Ijumaa, 5 Septemba: Nyumba ya Coltrane

Namba 1511, North 33rd Street, inatazamana na bustani kubwa ya Fairmount. Mpiga saksafoni John Coltrane aliinunua 1952 akiwa bado mpigaji wa kawaida tu, akaishi hapo na mama yake hadi alipohamia New York 1958. Imetambuliwa kama alama ya kihistoria ya taifa tangu 1999, na niliikuta imezibwa mbao, rangi imebanduka. Kuna bango la maelezo mbele. Nenda mchana, soma bango, vuka barabara ukae chini ya miti. Ndiyo yote.

Nilikuwa nimejiandaa kuhuzunika, lakini nilipokuwa nikisoma bango, akapita dada mmoja na mtoto wa miaka kama kumi na miwili mwenye hedifoni shingoni. Mtoto ndiye aliyenieleza, si mama: kwamba Flying Lotus, mtengeneza muziki anayempenda, ni ndugu wa mke wa Coltrane. Ni kweli, Alice Coltrane, mpiga piano na kinubi, alikuwa dada wa bibi yake Flying Lotus, mzaa mama. Ndiye aliyekuwa jukwaani na Coltrane katika miaka yake ya mwisho, ule muziki mkali ambao mashabiki wa zamani walikuwa wakitoka ukumbini ukianza, na baada ya kifo cha mumewe akauendeleza kwa njia yake. Mtoto hakuwa amewahi kumsikiliza Coltrane wa mwisho. Mama akasema nyumbani hairuhusiwi, inamtia kichwa. Basi ukoo umemfikia kupitia dirishani.

Usiku nilipita Solar Myth, baa ya South Broad Street iliyofunguliwa 2022 na kuchukua jina lake kwenye albamu za Sun Ra. Kahawa mchana, muziki usiku. Dola 25 kuingia. Bendi ya vijana wanne, wazuri, ila drams zilikuwa juu mno kwa chumba kile.

Jumamosi na Jumapili, 6 na 7 Septemba: New York

Basi la dola 18, bila tukio. Malazi ndiyo yaliyoniua: dola 140 kwa chumba kisicho na dirisha. Kama una ndugu Philadelphia, lala huko uende New York na kurudi.

Nilikuwa na sehemu moja tu ya lazima, mtaa wa 125 Mashariki, Harlem. Mpiga ngoma Mnaijeria Babatunde Olatunji alikuwa na kituo chake cha utamaduni wa Kiafrika hapo. Tarehe 23 Aprili 1967 Coltrane alipiga hapo, moja ya mara zake za mwisho kabisa jukwaani. Alifariki Julai 17. Angeweza kujaza ukumbi wowote wa fahari, lakini alichagua chumba cha shule ya ngoma, kwa sababu yeye, Olatunji na mpiga saksafoni Yusef Lateef walikuwa wakipanga kuandaa matamasha yao wenyewe, bila wakala. Miaka miwili na nusu kabla, Oktoba 1964, mpiga tarumbeta Bill Dixon alikuwa ameshajaribu jambo la aina hiyo kwenye mgahawa mdogo wa mtaa wa 91: siku nne za muziki ambao klabu ziliukataa, na watu walijaa hadi nje. Unaona jinsi miji ilivyokuwa ikiambukizana. Chicago walikaa sebuleni Mei iliyofuata.

Leo hakuna cha kuona hapo ila maduka na foleni. Mzee aliyekuwa akiuza manukato na vitabu mezani aliniona nikihesabu namba za milango akanielekeza. Kisha akanisalimu, "Habari gani?" Nikajibu nzuri, yeye je? Akaniambia watoto wake wote watatu wana majina ya Kiswahili, na hajawahi kuvuka bahari. Kizazi chake kilikuwa hivyo. Bendi ya mpiga piano Herbie Hancock, miaka ya 1970, ile iliyochanganya vinanda vya umeme na jazi huru, wote walijitwalia majina: Mwandishi yeye, Mchezaji mpiga besi Buster Williams, Mganga mpiga tarumbeta Eddie Henderson, Jabali mpiga drams Billy Hart.

Mzee akaniuliza kama nina albamu ya *Uhuru Afrika*. Sina. Alikuwa na nakala moja, ya baadaye, chini ya meza. Mpiga piano Randy Weston aliirekodi New York Novemba 1960, Melba Liston akapanga sauti, Langston Hughes akaandika mashairi, na mwanzoni unamsikia Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akisoma kwa Kiswahili. Uhuru wetu ulikuwa bado mwaka mmoja. Makaburu waliipiga marufuku Afrika Kusini. Mzee alitaka dola 40. Nilimwambia ninayo 25 mfukoni na nauli. Akachukua 20.

Gharama, kwa wanaoulizia

Bila ndege, nilitumia karibu dola 900, na bila binamu ningetumia zaidi ya mara mbili. Muziki wenyewe ndio uliokuwa rahisi: Chicago mengi ni bure. Septemba mwishoni kuna pia tamasha la Hyde Park, kusini kule kule, hiari yako kuchangia. Msiende Januari. Sahani za santuri ziwekeni kwenye mzigo wa mkononi, katikati ya nguo, na mtu wa forodha akiuliza mwambieni ni zilizotumika, maana ndivyo zilivyo.

Mpiga besi wetu nilimpa rekodi ya Coltrane ya Harlem aisikilize. Ina sauti iliyochanikachanika kweli, mtambo ulilemewa. Amenirudishia juzi akiuliza kama kinasa sauti kilikuwa kibovu. Mpiga drams akamnyang'anya, na hajairudisha.